Lehemu ya Mtoto Mchanga: Maziwa ya Mama na Mafuta ya Kopo



Nilikuwa Brussels kwa binti yangu, na Jumamosi moja mjukuu wangu akataka kusukwa. Wenye kuujua mji huo wanajua watu wetu husukwa wapi. Ni Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa, na khasa ndani ya Galerie d'Ixelles, njia ya maduka iliyofunikwa ambayo ukiingilia Chaussée d'Ixelles unatokea Chaussée de Wavre. Humo utakuta saluni, vitenge na mafuta ya nywele, na utasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo ya mashariki kwa pamoja. Mimi nikapewa kiti karibu na mlango, kama anavyopewa babu asiye na nywele za kusuka.

Jirani yangu alikuwa binti wa Bukavu, amepakata mtoto wa wiki saba. Aliponisikia nikisoma tangazo la Kifaransa kisha nikamtafsiria mjukuu wangu kwa Kiswahili, akanisogelea na karatasi mbili. "Papa, munisomee hii, ile ya daktari."

Zilikuwa karatasi za maabara. Mtoto alizaliwa na umanjano, akapimwa damu siku za mwanzo, na kwa kuwa umanjano ulikawia kuondoka akapimwa tena juzi. Ini lilikuwa salama. Lakini mama alikuwa ameona mstari mmoja yeye mwenyewe, uliosema cholestérol, na namba ya karatasi ya pili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Mtoto ananyonya ziwa tu. Shoga yake, aliyekuwa kwenye kiti akisukwa, alikuwa ameshampa ushauri: maziwa ya kopo hayana lehemu hata chembe, amwachishe ziwa. Kopo lilikuwa tayari ndani ya mfuko wa duka la dawa, halijafunguliwa.

Mimi si tabibu. Nimekuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo mapadri wa Usumbura walinifundisha Kifaransa na jambo jingine moja la kudumu, kwamba usitie sahihi karatasi usiyoisoma mpaka chini. Nikamwambia: "Mwanangu, hilo kopo lisifunguliwe mpaka aliyeandika karatasi hii akueleze maana yake." Kisha nikarudi nyumbani kwa binti yangu nikaanza kusoma, kwa sababu swali lile nimelisikia Maskati, nimelisikia Dubai, na nimelisikia kwenye simu kutoka Mombasa. Katika familia zetu hizi, ambamo nusu ya waliopita miaka hamsini wanameza kidonge cha lehemu kila usiku, neno hilo likiandikwa karibu na jina la mtoto mchanga linatia khofu.

Nianze na ile namba iliyopanda, maana ndiyo iliyomtisha mama.

Mtoto tumboni haishi kwa mafuta. Chakula kikubwa kinachomfikia kupitia kitovu ni sukari, na damu yake ina lehemu kidogo sana. Ukipima damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa utakuta lehemu yote kwa jumla ni kama miligramu 60 mpaka 75 katika desilita moja. Mtu mzima huambiwa asizidi 200. (Wenzangu wa Maskati wasichanganyikiwe: karatasi zangu za huko huandikwa kwa milimoli, za Ubelgiji kwa miligramu. Gawa miligramu kwa 38.7 utapata milimoli. 70 ya Brussels ni kama 1.8 ya kwetu.) Akishazaliwa na kuanza kunyonya, mambo yanageuka ghafla. Karibu nusu ya nguvu anayoipata kwenye chakula sasa inatoka katika mafuta, na lehemu ya damu inapanda haraka katika siku na wiki za mwanzo. Namba kukaribia mara mbili baina ya kuzaliwa na wiki ya saba ni mwendo wa kawaida wa mtoto aliyeanza kula.

Na anachokula ni chakula cha mafuta kwelikweli. Mililita 100 za maziwa ya mama huwa na takriban gramu 4 za mafuta, na ndani yake miligramu 10 mpaka 20 za lehemu. Ukarani haujaniacha, basi nikapiga hesabu. Mtoto wa kilo 5 anayekunywa mililita 700 kwa siku anapata lehemu baina ya miligramu 70 na 140, yaani 14 mpaka 28 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima wa kilo 70 akila miligramu 300 kwa siku, ambazo kwa miaka mingi madaktari walimwambia asizipite, anapata kama 4 kwa kila kilo. Kwa uzito wake, mtoto mchanga anakula lehemu mara tatu mpaka sita kuliko babu yake, tena kwa amri ya maumbile.

Anaihitaji. Lehemu ni sehemu ya ukuta wa kila chembe ya mwili, ndiyo inayotengenezewa nyongo na homoni kadhaa, na imo kwa wingi ndani ya ubongo na katika ule utando unaofunika mishipa ya fahamu. Miezi hii ndiyo ubongo unajengwa kwa kasi. Jambo jingine ambalo bibi zetu wangependa kulisikia ni kwamba kiasi cha lehemu katika maziwa ya mama hakibadiliki sana kwa chakula chake. Mzazi aliyekula mayai na supu ya mbuzi hampi mwanawe lehemu nyingi kuliko aliyekula mboga. Kinachobadilika kwa chakula chake ni aina ya mafuta, na hilo nitalirudia.

Sasa tulifungue lile kopo, kwa maneno tu.

Maziwa ya kopo ya mwanzo yalikuwa na mafuta ya ng'ombe. Henri Nestlé alipotengeneza unga wake huko Vevey, Uswisi, mwaka 1867, alitumia maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na sukari. Mwaka 1915, mjini Cleveland, Marekani, daktari Henry Gerstenberger na wenzake walitangaza maziwa yaliyoitwa SMA, ambamo mafuta ya ng'ombe yaliondolewa na mahali pake pakatiwa mchanganyiko wa mafuta mengine ya wanyama na ya mimea, pamoja na mafuta ya ini la samaki. Walitaka yafanane zaidi na ya mama. Kuanzia hapo mimea ikazidi kuchukua nafasi, na leo kopo la kawaida lina mawese, nazi, soya, alizeti au kanola, kila kiwanda na mchanganyiko wake. Mimea haina lehemu ya kuhesabika. Kwa hiyo shoga wa yule binti hakusema uongo. Kopo la mafuta ya mimea peke yake huwa na lehemu kidogo mno, na lile lililorudishiwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe, kama yalivyo baadhi ya makopo ya Ulaya, huwa nayo zaidi kidogo lakini bado kwa kawaida haifikii ya mama.

Tofauti hii inaonekana kwenye damu. Mwaka 2002 Christopher Owen na wenzake wa London walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuzijumlisha. Watoto wa chini ya mwaka mmoja walionyonya ziwa walikuwa na lehemu ya juu kuliko wa kopo kwa wastani wa milimoli 0.64, yaani kama miligramu 25. Ile inayoitwa LDL, ambayo sisi wazee tumezoea kuiita lehemu mbaya, ilifuata njia hiyo hiyo. Hata baina ya kopo na kopo damu hutofautiana. Lenye mafuta ya mahindi au soya, yaliyojaa asidi ya linoleiki, hushusha lehemu zaidi kuliko lenye siagi. Kwa kifupi, mafuta unayomtilia mtoto kwenye chupa yanasomeka katika damu yake baada ya muda mfupi.

Lakini kushuka huko kuna maana gani? Hapa ndipo wengi tunapoteleza, maana tunampimia mtoto kwa rula ya mtu mzima. Mtu mzima ana mishipa iliyokwishapitiwa na miaka. Kwake LDL ikishuka ni kheri. Mtoto anajenga nyumba, na kwake lehemu ni tofali. Akinyimwa tofali kwenye chakula atalifinyanga mwenyewe. William Wong na wenzake wa Houston walichapisha mwaka 1993 kwamba watoto wa kopo hutengeneza lehemu ndani ya mwili kwa kasi kubwa kuliko wanaonyonya. Karakana ya ini inafanya kazi ya ziada ili kufidia pengo, na hata hivyo damu inabaki chini ya ile ya wenzao.

Kutokana na hilo likazuka wazo kwamba huenda mtoto anayepata lehemu nyingi mapema anaizoesha karakana yake kufanya kazi polepole, na akiwa mkubwa akawa na lehemu ya chini. Ni wazo zuri, na mimi nalipenda, lakini kupenda si ushahidi. Mkusanyo ule wa 2002 uliona kwamba utotoni na ujanani tofauti inapotea, na ukubwani walionyonya wana lehemu ya chini kwa milimoli 0.18. Owen na wenzake waliporudia mwaka 2008 kwa hesabu kubwa zaidi, watu zaidi ya elfu kumi na saba, tofauti ikawa 0.04 tu, kwa walionyonya ziwa pekee bila kuchanganya ilikuwa kama 0.15. Huko Uingereza Atul Singhal, Alan Lucas na wenzao waliwafuatilia njiti waliozaliwa miaka ya 1980 mpaka walipofika umri wa miaka 13 hadi 16, na mwaka 2004 wakaeleza kuwa waliopewa maziwa ya binadamu walikuwa na uwiano bora baina ya LDL na HDL. Kwa upande mwingine, huko Belarus, ambako zaidi ya kina mama na watoto elfu kumi na saba waliingizwa katika utafiti mkubwa wa kuhimiza unyonyeshaji kuanzia 1996, watoto wao walipopimwa wakiwa na miaka 11 na nusu hakukuonekana tofauti katika shinikizo la damu, insulini, wala protini ya damu inayobeba HDL.

Kuna tahadhari nyingine ambayo karani yeyote angeiona. Watu wazima waliomo katika hesabu hizo walilishwa chupa zamani, wengi wao kwa maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa au kupunguzwa maji, yenye siagi ndani. Hawakulishwa kopo la leo. Kulinganisha mzee wa miaka 60 wa London na mtoto wa leo wa Ixelles ni kuweka karatasi za mafaili mawili katika faili moja.

Hukumu yangu ni hii: faida ya maziwa ya mama kwa lehemu ya ukubwani huenda ipo, na kama ipo ni ndogo. Maziwa ya mama yana sababu nyingine nyingi za kutosha. Hayahitaji kuuzwa kama dawa ya moyo. Lakini kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya kushusha lehemu yake ni kumtibu asiyeumwa.

Nakuja kwenye mawese, maana pale Matonge hayakwepeki. Ukitoka Galerie ukashika Chaussée de Wavre utaona maduka yenye chupa za mawese mekundu, yale yale ya sombe, na yule binti alitaka kujua kama yaliyoandikwa kwenye kopo lake, huile de palme, ni hayo. Asili yake ni moja, ila ya kopo yamesafishwa, yamepoteza rangi, na imechukuliwa ile sehemu inayobaki majimaji. Wanayatia kwa sababu ya asidi ya palmitiki. Mafuta ya maziwa ya mama yana palmitiki kiasi cha robo hivi, na njia rahisi ya kuifikia robo hiyo bila siagi ni mawese.

Kwenye karatasi, basi, hesabu zinalingana. Tumboni hazilingani. Chukua mtungo wa samaki watatu: kijiti kimoja na samaki watatu wamening'inia. Hivyo ndivyo mafuta yalivyo, kijiti cha gliserini na asidi tatu. Kimeng'enya cha tumbo huwachomoa samaki wa pembeni, mmoja huku na mmoja kule, na kumwacha wa katikati kwenye kijiti. Katika maziwa ya mama palmitiki aghlabu ndiye samaki wa katikati, kwa kiasi cha asilimia 70. Anabaki kwenye kijiti na kufyonzwa bila tabu. Katika mawese palmitiki yuko pembeni. Akichomolewa anabaki huru, anakutana na chokaa ya maziwa, na wawili hao wanashikana kuwa sabuni.

Nasema sabuni bila mzaha. Wenzangu wa Kigoma na Usumbura wanaijua sabuni ya mawese. Ni mafuta hayo yaliyochanganywa na magadi. Hii ya tumbo la mtoto ni ndugu yake, isipokuwa ya chokaa haiyeyuki. Inatoka na choo, na ndiyo sababu mojawapo ya choo kuwa kigumu kwa baadhi ya watoto wa kopo. Pamoja nayo anapoteza sehemu ya mafuta na ya chokaa aliyokunywa. Haina sumu, na watoto mamilioni wamekua nayo wakiwa wazima. Lakini viwanda vimeliona, na baadhi yao sasa wanatengeneza mafuta ambayo palmitiki imehamishiwa katikati, au wanaacha mawese kabisa na kuandika kwa herufi kubwa kuwa hayamo. Sheila Innis wa Vancouver na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kuwa samaki yule wa katikati hufika mpaka katika mafuta ya damu ya mtoto akiwa bado mahali pake. Kwa hiyo wingi wa asidi peke yake hautoshi. Nafasi yake kwenye mtungo nayo inahesabiwa.

Niliahidi kurudi kwenye chakula cha mama. Kuna asidi moja ya samaki, DHA, inayojenga ubongo na jicho. Hiyo hupanda na kushuka katika maziwa kulingana na anachokula mzazi. Mfano bora niliousoma unatoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2005 watafiti wa Groningen, Uholanzi, akiwemo Frits Muskiet, walichapisha vipimo vya maziwa ya wanawake wa Doromoni wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, Tanzania. Yalikuwa na DHA nyingi, pamoja na mwenzake anayeitwa asidi ya arakidoniki, kiasi kwamba watafiti wakauliza kama si hao ndio kipimo ambacho viwanda vya kopo vingepaswa kukilenga. Wastani wa dunia nzima, uliokusanywa mwaka 2007, ni asilimia 0.32 tu ya mafuta yote ya maziwa. Basi ndakala na sambaza wa maziwa yetu makuu, na jodari na dagaa wa pwani, si chakula cha kudharauliwa kwa mzazi. Nimewaona mabinti wa mjini wanaona haya kula dagaa mbele ya wageni.

Kopo nalo limelazimishwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2020, maziwa ya watoto wachanga lazima yawe na DHA, miligramu 20 mpaka 50 kwa kila kilokalori 100, na mafuta yote kwa jumla gramu 4.4 mpaka 6. Aghlabu DHA hiyo hutolewa kwenye samaki au kwenye mwani unaofugwa katika matangi. Na tangu Desemba 2014 sheria ya lebo ya huko inataka kila mafuta ya mimea yatajwe kwa jina la mmea wake. Ndiyo maana yule binti aliweza kuliona neno palme, na zamani angesoma "mafuta ya mimea" tu. Ukishika kopo la Ulaya tafuta pia maneno matière grasse laitière, yaani mafuta ya maziwa. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi mbele.

Wasomaji waliolazimika kutumia kopo, na sababu za haki ziko nyingi, wasije wakaniona nawahukumu. Mtoto wa kopo mwenye lehemu ya chini naye si mgonjwa. Hatari kubwa zaidi kwake ni sisi wakubwa. Kuna anayeongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Kuna anayempa maziwa mazito ya sukari ya kuwekea chai. Na kuna anayempa mtoto wa miezi mitano maziwa yaliyoondolewa mafuta, ati damu yake isije ikawa kama ya babu. Hili la mwisho nimelishuhudia katika nyumba yenye elimu. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida hayafai kuwa kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka, na yale yaliyoondolewa mafuta hayafai kabla ya miaka miwili, isipokuwa daktari aseme.

Yapo magonjwa ya kweli ya lehemu kwa watoto, na khasa sisi tunaooana binamu kwa binamu hatuna ruhusa ya kuyapuuza. Moja ni la kurithi ambalo LDL huwa juu tangu kuzaliwa. Duniani linampata mtu mmoja katika kila 250 mpaka 300 hivi. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto ana nusu ya nafasi ya kulirithi. Wakiwa nalo wote wawili, kila mtoto ana robo ya nafasi ya kulipata kwa pande zote mbili, na huyo anaweza kupata ugonjwa wa moyo angali mtoto, na vinundu vya manjano kwenye ngozi au kwenye kano za kisigino. Haliletwi na maziwa ya mama, wala haliondolewi na kopo. Watoto wa familia hizo hunyonya kama wenzao. Cha kufanya ni kumweleza daktari mapema kuwa mjomba alianguka kwa moyo akiwa na miaka 38 na bibi yake vilevile, ili apange lini mtoto apimwe. Familia zetu zinajua nasaba mpaka babu wa saba huko Nizwa au Rustaq, lakini muulize mtu marehemu alikufa kwa maradhi gani atakwambia, siku zake zilifika.

Jingine ni adimu mno, la mtoto asiyeweza kuvunja mafuta yaliyomo damuni. Damu yake ikitolewa huonekana nyeupe kama chai iliyozidi maziwa. Huyo ndiye ambaye mafuta ya kawaida, hata ya mama, yanaweza kumdhuru, na madaktari humpa maziwa maalumu yenye mafuta machache ya aina fupi. Hilo huamuliwa hospitali.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Galerie, safari hii mjukuu alikuwa amesahau kofia yake. Yule binti alikuwepo. Alikuwa amekwenda kliniki ya watoto. Wabelgiji wa upande wa Kifaransa wana shirika lao, ONE, lililoanza mwaka 1919, na mashauri yao kwa watoto wa chini ya miaka sita hayalipiwi. Akaniambia muuguzi ameziangalia karatasi zote mbili, akamuuliza kama kuna ugonjwa wa moyo kwao au kwa mume, akampima mtoto uzito, na akamwambia aendelee kunyonyesha. Kopo alilirudisha dukani na risiti yake, akachukua nepi.

Shoga yake hakuridhika sana. Akaniuliza kama basi na yeye aache kopo. Nikamuuliza mtoto wake ana miezi mingapi, akasema minane, anaongezeka vizuri, na maziwa yake mwenyewe yalishakauka. Nikamwambia aendelee na kopo lake, apime vijiko kama lilivyoandikwa, na mtoto sasa aanze kuonja ndakala waliosagwa. Hapo ndipo msusi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema kuwa ndakala wazuri wako duka la pili mkono wa kushoto, waambie nimewatuma mimi.